Mshahara usiokatwa kodi ni wa nani?

Kuna ulizo moja linalozunguka sasa kati ya vijana wetu waliomaliza masomo ya uinjenieri, na limefika mpaka kwenye baraza za wazazi. Ulizo lenyewe ni hili: mtu akipata kazi katika nchi ya kigeni, nchi isiyokata kodi yo yote juu ya mshahara, je, feza yote anayopokea ni yake kweli, bila deni kwa mtu? Wengi watacheka na kusema: "Ulizo gani hilo! Kazi ameifanya yeye, jasho lilikuwa lake, na Serikali ya huko haikumwomba kitu. Basi ni ya nani tena?" Lakini jambo ambalo watu hulijibu kwa kucheka, mara nyingi ndilo lifaalo kutazamwa polepole.

Tuanze na hesabu, kisha twende kwenye dhamiri. Dhamiri isiyojua hesabu hudanganyika upesi.

Mtu asifikiri kwamba nataka kuwahukumu wanaoondoka. Kuondoka kwa ajili ya kazi si jambo geni kwetu Katanga. Union Minière, kompani iliyoanzishwa mwaka 1906, iliita watu kutoka Kasai, Rwanda, Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, na wengi wa wale tunaowaita leo wenyeji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni wajukuu wa watu waliofika kwa kontra. Babu aliyeacha kijiji chake kwa ajili ya machimbo ya shaba hana haki ya kumlaumu mjukuu anayekwenda Doha kwa ndege.

Tena sisi tunajua, kuliko watu wengi, maana ya mshahara wa mgeni. Siku za ukoloni Mzungu aliyefanya kazi Kongo alilipwa kwa kipimo cha Ulaya, na juu yake nyongeza ya kuishi mbali na kwao, nyumba, na likizo ya kurudi. Mwafrika alilipwa kwa kipimo cha hapa, na posho. Ni kunako mwaka 1959 tu, mwaka mmoja na nusu mbele ya uhuru, ndipo Serikali ya Wabelgiji ilipoweka sheria moja ya kazi kwa watumishi wake wote, weupe na weusi. Kisha, tarehe 10 Februari 1969, Kongo yenyewe iliweka kodi ya pekee juu ya mishahara ya wageni, na aliyetakiwa kuilipa ni tajiri wa kazi, wala si mfanyakazi. Maana yake ilikuwa wazi: ukitaka kuleta mtu kutoka mbali pahali ambapo mwana wa nchi angeweza kufanya kazi, basi toa kidogo zaidi. Lakini Sheria ya Machimbo ya mwaka 2018 ikawapunguzia wenye machimbo nusu ya kodi hiyo katika miaka 10 ya kwanza ya shughuli zao. Yaani ikawaachia wale hasa wenye kuleta wageni wengi. Hilo tuliache kwa siku nyingine.

Kwa hiyo kijana wetu, mvulana ao msichana, aliyemaliza masomo yake Lubumbashi na kuanza kazi katika machimbo, anajifunza jambo moja ambalo halikuandikwa katika vitabu vyake: kwamba meza mbili zilizo karibu katika ofisi ileile zinaweza kuwa na mishahara iliyo mbali sana. Mwenzake aliyetoka ng'ambo ana nyumba, gari, tiketi za ndege na mshahara wa kwao. Uchungu huo ni wa haki, na siwezi kumwambia aumeze kimya. Lakini siku moja yeye naye anapata barua kutoka Dubai ao Doha, na kumbe sasa ndiye mgeni. Hapo anasema moyoni: zamu yangu imefika.

Je, ni zamu ileile? Tuangalie vizuri, kwa maana hapa vijana wengi wanakosea.

Kuna wageni wa kazi wa namna mbili. Wa kwanza ni yule aliyetumwa na kompani yake kutoka nchi yake. Kontra yake imejengwa juu ya mshahara wa nyumbani. Kompani inapiga hesabu ya vile angelivyolipa kwao kwa kodi, kwa nyumba, kwa shule ya watoto, kisha inajaribu kumweka katika hali ileile pahali alipotumwa, asipoteze wala asitajirike kwa bahati tu. Na ikiwa pahali penyewe ni pagumu, inaongeza kitu. Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Kompani nyingi zenye desturi hiyo zinamkata mtu wao kodi ya kukadiriwa, yaani kodi ambayo angelipa kama angebaki kwao, hata akitumwa katika nchi isiyokata kitu. Yule Mzungu aliyetumwa Dubai kwa kontra ya namna hii hafaidiki kitu kwa kukosekana kwa kodi. Faida inabaki kwa kompani.

Sisemi kwamba kompani inafanya vema kujiwekea feza hiyo. Lakini angalieni: hata wenye kutafuta faida, ambao hakuna mtu anayewadhania kuwa watawa, hawakubali upesi kwamba kodi isiyodaiwa ni mali ya mfanyakazi peke yake. Wameliona ulizo letu mbele yetu, wakalijibu kwa namna inayowafaa wao.

Mgeni wa namna ya pili ni yule aliyeajiriwa palepale, kwa mshahara wa palepale. Karibu mainjenieri wetu wote wanaokwenda peke yao ni wa namna hii. Wanaitwa wageni, lakini hawapewi yote anayopewa mgeni aliyetumwa. Hakuna kompani nyuma yao nyumbani inayowangoja. Kazi ikiisha, imeisha.

Basi tuchukue nchi za Ghuba, kwa sababu ndizo zinazosemwa zaidi. Qatar na Falme za Kiarabu hazikati kodi juu ya mshahara wa mfanyakazi. Ni kweli kabisa. Wanaochaguliwa huko ni watu wenye miaka kadha ya kazi kubwa mikononi, barabara, viwanda, mabomba ya mafuta na ya maji, na wenye kusema Kiingereza. Kijana wetu aliyesoma Kifaransa tangu utoto sharti ajifunze lugha hiyo kwanza, la sivyo barua yake haitasomwa mpaka mwisho. Na akikutana na mtu wa katikati anayemwomba feza kusudi ampatie kazi, akimbie. Katika Falme za Kiarabu sheria ya kazi ya mwaka 2021 inakataza mfanyakazi asilipishwe gharama za kutafutwa na kuajiriwa. Anayeomba feza ni mwizi ao rafiki wa mwizi.

Tuseme amepata kazi ya dirhamu 20,000 kwa mwezi. Furaha! Lakini akifungua kontra anakuta mshahara wenyewe, ule wa msingi, ni 8,000 tu, na zinazobaki ni posho za nyumba, za gari na nyingine. Kuna tofauti gani, ikiwa jumla ni ileile? Tofauti ni hii. Katika nchi ile pensheni ya Serikali ni ya wananchi; mgeni hana. Pahali pa pensheni sheria inampa mkono wa mwisho wa kazi: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Wa msingi, nasema, si wa jumla. Akifanya kazi miaka 4 kwa msingi wa 8,000, ataondoka na dirhamu 22,400. Mwenzake mwenye jumla ileile, lakini msingi wa 16,000, ataondoka na 44,800. Kalamu ya tajiri iligawanya tu mshahara huohuo kwa mistari tofauti.

Tena shule ya watoto wa wageni Dubai inalipwa, na bei yake si ndogo. Kibali cha kukaa kimefungwa pamoja na kazi. Kazi ikikatika, mtu hupewa muda tu wa kutafuta nyingine ao kufunga mizigo, isipokuwa wachache waliopata kibali cha miaka 10. Mtoto aliyezaliwa kule na kusoma kule miaka 15 ni mgeni kama siku ya kwanza. Yaani nchi ile inamwambia mfanyakazi maneno ya wazi, ambayo mimi siyaiti mabaya, kwa sababu hayadanganyi: sisi hatukudai kitu, nawe usitudai kitu.

Kodi inapokosekana, na kifungo kinakosekana.

Tugeuke upande wa Ubelgiji. Huko mfanyakazi hukatwa kwanza 13,07 kwa mia ya mshahara wake kwa ajili ya ugonjwa, pensheni na kukosa kazi. Na tajiri wa kazi analipa yapata robo nyingine juu yake. Kisha inakuja kodi ya mapato inayopanda ngazi kwa ngazi, kutoka 25 mpaka 50 kwa mia, na nyuma yake kodi ndogo ya komini. Kijana wetu akiona karatasi yake ya kwanza ya mshahara anataka kulia. "Wameniibia!" Kumbe mwezi uleule mtoto wake ameingia shule bila kulipa masomo, mkewe amezaa hospitalini na sehemu kubwa ya gharama imerudishwa, na yeye mwenyewe ameanza kupata haki ya pensheni ambayo, akidumu katika kazi, haitamtegemea tajiri huyu ao yule. Pia kuna mkataba kati ya Ubelgiji na Kongo, uliotiwa sahihi mwaka 2007, kusudi mtu asilipishwe kodi mara mbili juu ya pato moja. Wageni wenye mishahara mikubwa sana wanaoitwa na kompani wamepewa tangu mwaka 2022 sheria ya pekee inayowapunguzia mzigo. Lakini si rahisi injenieri kijana kutoka kwetu afike kwenye kipimo hicho. Maskini wa wageni analipa yote, tajiri wa wageni anapunguziwa. Hata kule mambo ni hivyo.

Juu ya Kanada nitasema maneno machache. Kodi ni mbili, ya nchi na ya jimbo, na katika Québec mtu huandika karatasi mbili mbalimbali kila mwaka. Lakini mzigo mkubwa si kodi. Jina la injenieri limelindwa na sheria, na mwenye diploma ya Lubumbashi hawezi kulitumia mpaka akubaliwe na Ordre des ingénieurs du Québec, ambao unaweza kumtaka afanye mitihani tena. Atakayehesabu mshahara wa injenieri wa Montréal asihesabu tangu siku ya kushuka ndegeni.

Kuna pia wajanja, na juu yao sitakawia. Katika mikataba mingi ya nchi na nchi, mtu aliyekaa pahali siku zisizopita 183 ana nafasi, kwa masharti fulani, ya kutolipa kodi pale. Basi wengine wanacheza na siku hizo, miezi mitano hapa, miezi mitano pale, na kujiita wakaaji wa nchi isiyo nchi. Wanafunzi wa seminari wanajua kwamba wanateolojia wa zamani walibishana sana juu ya jambo hili: wengine walisema sheria ya kodi haifungi dhamiri yenyewe, inamfunga mtu kukubali adhabu tu akikamatwa. Maoni hayo yamekuwa matamu sana kwa wenye mali. Kwangu mimi hayana nguvu, kwa maana mtu anayetembea juu ya barabara na kunywa maji ya bomba hawezi kusema kwamba deni lake ni kukamatwa tu.

Lakini injenieri wetu wa Doha si mjanja. Hakuficha kitu. Kule hakuna kodi, na Kongo haimfuati nje. Hapa ndipo ulizo letu linapokuwa gumu kweli.

Kuna nchi zinazomfuata mtu wao. Marekani inawadai raia wake karatasi ya kodi po pote wanapokaa duniani, ijapokuwa inawasamehe sehemu kubwa ya mshahara wa nje. Eritrea inawadai watu wake walio ng'ambo 2 kwa mia ya mapato; na namna ilivyotumia vitisho kuipata ililaumiwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 2011. Mwaka 1972 Jagdish Bhagwati, mwalimu wa uchumi aliyezaliwa India, alitoa shauri kwamba wenye elimu wanaohama kutoka nchi maskini wakatwe kodi ya pekee juu ya mapato yao mapya, kusudi feza hiyo isaidie kule walikotoka. Shauri lake lilisomwa sana na kubishaniwa sana, wala hakuna nchi kubwa ya kuwapokea wageni iliyolifuata.

Injenieri wetu akisikia hayo anajibu kwa nguvu, nami namheshimu kwa jibu lake: "Marekani imewapa watu wake shule. Mimi Leta imenipa nini? Nilizaliwa kunako mwaka 1995. Tangu darasa la kwanza mama yangu alilipa. Alilipa prime ya mwalimu, alilipa mtihani, alilipa mpaka ufagio wa darasa. Chuo kikuu nililipa. Serikali haikunikopesha kitu, basi hainidai kitu."

Anasema kweli, na wazazi wote wanaosoma ukurasa huu watashuhudia. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu mishahara ya kuwawezesha kuishi, wazazi ndio waliozishika shule zisianguke. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya bure, lakini mama aliyekwenda shuleni na Katiba mkononi pasipo feza alirudishwa pamoja na mtoto wake. Ni Septemba 2019 tu ndipo neno hilo lilipoanza kutendwa, tena kwa shida nyingi. Ningeweza kumkumbusha kijana kwamba Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichofunguliwa mwaka 1956, hakikujengwa na mama yake, na kwamba diploma yake ina muhuri wa Serikali. Lakini sitaki kushinda kwa maneno madogo. Namkubalia: deni lake kwa Leta ni dogo.

Ila hebu tutazame darasa lake.

Tuseme lilikuwa na watoto 50. Mwalimu aliingia asubuhi, akaandika ubaoni, akafundisha kugawanya na kuzidisha, kwa sababu wazazi 50, wengine mapema, wengine kwa kuchelewa na kwa aibu, walileta feza. Kama angeleta mama mmoja tu, yule mama wa injenieri, mwalimu angekwenda kuuza makaa, na ubao ungebaki mtupu. Mama mmoja hawezi kulipa mwalimu. Sasa wale watoto 50 wako wapi? Wengi hawakufika darasa la sita la sekondari. Mmoja aliacha kwa sababu baba alikufa, mwingine aliingia kuchimba mawe, msichana mmoja aliolewa mapema. Wazazi wao walilipa mwaka mmoja, miaka mitatu, miaka mitano, kisha nguvu zikaisha. Feza yao haikurudishwa. Ilikuwa imekwisha kuwa mkate wa mwalimu, na mwalimu alikuwa amekwisha kuifanya kuwa hesabu katika kichwa cha mtoto mmoja aliyeendelea.

Mama aliyeuza mihogo kusudi binti yake asome, na binti akaachia katika darasa la tano, ameshiriki katika uinjenieri wa Doha. Jina lake halimo katika kontra.

Mtu atanipinga: "Kwa mawazo hayo, kila mtu ana deni kwa kila mtu, na deni la wote si deni la mtu." Pingamizi hilo ni kubwa. Ni kweli kwamba mama yule hawezi kwenda barazani kumshitaki injenieri; hakumkopesha. Haki ni za namna mbili. Kuna haki ya mkopo na mauzo, ambayo mwamuzi aweza kuipima kwa franka na senti. Na kuna haki ya mtu kuelekea jumuiya iliyomlea, ambayo haina karatasi. Kwa kawaida hii ya pili tunaitimiza kwa kodi, pasipo kufikiri. Mtoza kodi, pamoja na ubaya wake wote, anatuondolea kazi moja nzito: kazi ya kupima wenyewe deni letu. Anakata, tunanung'unika, tunalala usingizi. Lakini pahali asipokuwako mtoza kodi, kazi ile ya kupima inarudi mikononi mwetu. Deni halikuondoka pamoja naye.

Kwa hiyo ulizo letu naona lijibiwe hivi: mshahara wa Doha ni wa aliyeufanyia kazi, kwa haki ya mauzo, wote, wala hakuna anayeweza kumnyang'anya hata dirhamu moja. Lakini kwa haki ile ya pili si wote ulio wake. Sehemu fulani anaishika kama mtu ashikavyo mali ya mwenzake aliyesafiri.

"Mbona natuma kila mwezi?" atasema. "Ukoo wote unakula kwangu." Najua. Wengine ukoo unawala mpaka mifupa, na kijana anayekaa watu sita katika chumba kimoja Doha kusudi mjomba aezeke nyumba kwa mabati, namhurumia, na mjomba namlaumu. Lakini tutenganishe mambo. Upendo kwa jamaa ni deni jingine, lenye sheria zake, nalo lina mipaka. Ada ya mtoto wa ndugu katika shule ya kijijini naihesabu katika deni tunalosema, kwa sababu inamlisha mwalimu anayefundisha na watoto wengine. Mabati ya mjomba siyahesabu.

Kiasi gani basi? Sitaki kutaja sehemu ya mia, kwa maana zaka ina mahali pake na kodi ina mahali pake, na watu wakisikia hesabu kanisani wanafikiri ni mchango mpya. Napendelea kipimo kinachoonekana kwa macho. Injenieri alifundishwa miaka 6 ya msingi na miaka 6 ya sekondari. Basi arudishe miaka hiyo kwa namna ilivyotolewa: amlipe mwalimu mmoja, katika shule ambapo wazazi bado wanatoa feza kwa kujinyima, kwa miaka ile aliyofundishwa yeye. Kwa mshahara wa Ghuba jambo hilo haliumizi mtu. Tena lina mwisho, na deni lenye mwisho ni rahisi kuliko ukarimu usio na mwisho, ambao humchosha mtu mpaka anafunga simu yake asisikie tena sauti ya nyumbani. Mwaka wa kwanza namsamehe: ana deni la tiketi, la nguo, la wale waliomkopesha njiani.

Wengine wanasema watalipa kwa kurudi na maarifa. Ni vizuri, nami nimewaona waliofanya hivyo. Lakini tuseme kweli: anayekwenda Kanada na watoto wadogo harudi mara nyingi, kwa sababu watoto wanapata nchi nyingine. Wa Ghuba anarudi, kwa sababu nchi ile haimshiki. Ni jambo la kushangaza kidogo, kwamba nchi isiyotaka kodi yake ndiyo itakayoturudishia mtu wetu.

Tena hata kule mambo yanabadilika. Oman ilitoa mwaka 2025 sheria ya kukata, tangu mwaka 2028, 5 kwa mia ya mapato yanayopita riali 42,000 kwa mwaka. Ni ya kwanza kati ya nchi za Ghuba kufanya hivyo. Mainjenieri wengi hawafikii kiasi hicho, na anayekifikia asilie sana.

Anabaki yule ambaye hatujamsema, ndiye aliyebaki Kolwezi. Yeye kodi yake inakatwa katika karatasi ya mshahara kabla hajaigusa, naye anajua kwamba sehemu yake inaliwa na wakubwa pasipo kuwa barabara wala dawa. Hakuulizwa kama anataka. Akimwona mwenzake wa darasa lilelile amerudi kwa likizo na kuanza kujenga nyumba ya ghorofa kando ya lupango lake, anaona wivu, na katika wivu huo mna haki kidogo. Siwezi kumwambia Doha ni dhambi, wala kwamba kodi yake inafika pahali pake. Lakini kama wakikutana siku ya Noeli, na huyu wa Doha akitaja bila majivuno shule fulani na mwalimu fulani ambaye anamlipa mwaka wa tatu sasa, naamini watakaa pamoja mpaka usiku, na mazungumzo yao yatakuwa juu ya wale 48 wengine wa darasa, nani yuko wapi, na nani amekufa.